Barua ya chumba cha bure Atlantic City: twende au tusiende?

"Shikamoo mjomba. Mimi na mume wangu tunaishi Silver Spring, Maryland, na Septemba tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Mwezi uliopita nyumbani ililetwa barua kutoka kasino moja ya Atlantic City: kulala siku mbili bure, Jumanne na Jumatano, pamoja na dola 50 za kuchezea. Mume wangu amefurahi kama mtoto wa Idi. Anataka twende kwa gari, watoto tuwaache kwa dada yake. Akiba yetu ya safari ni dola 1,000, na anasema tukibahatika tutalipia hata tiketi za kwenda Dar Desemba. Mimi sijawahi kuingia kasino, na nimelelewa kwenye nyumba ambayo kamari haitajwi. Sitaki kumharibia furaha yake ila moyo unasita. Twende? Na tukienda, tufanyeje tusirudi tumenuniana?"

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa miaka kumi. Nendeni. Lakini kabla hujatoa begi juu ya kabati, tuisome upya hiyo barua, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza miaka kumi na minne, nikigawa karata na kuzungusha gurudumu la rouleti katika mji huohuo, na najua barua za namna hiyo zinavyozaliwa.

Mtu akijiandikisha kasino hupewa kadi ya uanachama. Akikaa kwenye mashine anaichomeka, akikaa mezani anamkabidhi msimamizi. Kuanzia hapo kila kitu kinaandikwa: mchezo gani, dau kiasi gani, kwa muda gani. Kompyuta haijali sana kama siku ile alishinda au alishindwa. Inapiga hesabu ya pesa ambayo mtu anayecheza vile ataiacha kwa wastani, kisha sehemu ya pesa hiyo humrudia kwa sura ya chumba, chakula au hela ya kuchezea. Katikati ya wiki, Septemba, shule zimeshafunguliwa na vyumba vingi viko vitupu, kwa hiyo kuwalaza ninyi wawili hakuwapi hasara kubwa. Hasara kwao ni kiti kisicho na mtu ukumbini.

Hapa pana jambo ninalotaka kulisema taratibu. Barua kama hiyo inaweza kumfikia mtu ambaye hajacheza hata siku moja. Pengine alijiandikisha mtandaoni tu. Lakini mara nyingi humfikia aliyekwisha kucheza. Tena kampuni kadhaa zenye kasino Atlantic City zina kasino katika majimbo mengine, kadi ikiwa ileile, hivyo mchezo wa karibu na nyumbani huweza kuleta barua ya mbali. Simtuhumu mumeo. Ninachosema ni kwamba hujui jina lake lilifikaje kwenye orodha ile, na una haki ya kujua. Muulize jioni moja watoto wakishalala, bila hasira: "Hawa watu walitupataje?" Akikujibu kwamba alikwenda mara mbili na wenzake wa kazini, akacheza kidogo, mshukuru kwa kusema kweli, mwendelee na mipango. Akikasirika, akabadilisha mazungumzo, au ukagundua kwamba barua za namna hiyo zimekuwa zikija na zikifichwa, basi safari ya kasino iahirisheni. Miaka kumi ya ndoa inaweza kusherehekewa Ocean City ya hapohapo Maryland.

Nalisema hili pia kwa sababu ya ramani. Wananchi wa New Jersey waliruhusu kasino Atlantic City kwa kura mwaka 1976, na ya kwanza, Resorts, ikafunguliwa Mei 1978. Kwa miaka mingi mtu wa mashariki ya Marekani aliyetaka kasino halali alikwenda huko, la sivyo akapanda ndege hadi Nevada. Zama hizo zimepita. Pennsylvania ina zake, Maryland ilianza kufungua zake mwaka 2010, na wateja wakabaki makwao. Mwaka 2014 peke yake kasino nne za Atlantic City zilifunga milango, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani na sare zao kwenye mifuko ya plastiki. Leo zinafanya kazi tisa. Na ninyi watu wa Silver Spring mna kasino kubwa kabisa pale National Harbor, iliyofunguliwa Desemba 2016, kama nusu saa hivi kutoka kwenu foleni isipokuwa mbaya. Mtu anayetaka mashine tu hana haja ya kuendesha maili 185. Kitu ambacho Atlantic City inacho na National Harbor haina ni bahari. Kwa hiyo panga safari yako kuizunguka bahari, halafu kasino uipe saa zake chache zinazojulikana mwanzo na mwisho.

Sasa lile neno la tiketi za Desemba. Katika barua yako yote, hilo ndilo lililonifanya niache chai yangu ipoe. Pesa ya kwenda kumuona mama Dar ni pesa yenye kazi. Mtu akikaa mezani na pesa yenye kazi hachezi, anafukuza. Akipoteza dola 100 haoni kwamba burudani imekwisha, anaona kwamba tiketi imepungua dola 100 na lazima irudishwe usiku uleule.

Kuna mwanamume mmoja simsahau. Ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, meza yangu imebaki na watu wawili, mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu. Nilimjua kwa sauti, kwa sababu kila akisukuma chipu alijisemea chini kwa chini, "Ya mwisho hii." Nilihesabu akisema hivyo mara tisa. Mgawa karata haruhusiwi kumshauri mchezaji aache, naye hakujua kwamba namsikia na kumwelewa. Zamu yangu ilipokwisha nikapita sehemu ya mapokezi, nikamkuta mwanamke amejifunika mtandio, amelala kwenye kiti na viatu vya mumewe miguuni pake ndani ya mfuko wa duka. Walikuwa wamekuja kusherehekea kitu, keki ilikuwa bado kwenye boksi. Sikumwamsha. Mpaka leo najiuliza kama ningemwamsha. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Kinachokula pesa pale ndani si bahati mbaya, ni mwendo na saa. Hesabu yake ni nyepesi na ningependa muifanye pamoja kwenye meza ya jikoni kwenu. Chukua dau moja, zidisha kwa mara ngapi unacheza kwa saa, zidisha kwa asilimia ambayo mchezo umeiwekea kasino. Jibu ni bei ya saa moja. Leo unaweza kushinda, kesho unaweza kupoteza mara tatu ya hiyo, ila ndiyo bei.

Anza na mashine, zile ambazo Dar tunaziita dubwi. Sheria ya New Jersey inataka mashine irudishe angalau asilimia 83 ya kilichochezwa. Kwa kweli hurudisha zaidi ya hapo. Wastani wa kinachobaki kwa kasino ni kama senti 9 katika kila dola. Senti 9 inasikika ndogo. Lakini mtu akibonyeza mara kumi kwa dakika, na ni rahisi sana kubonyeza mara kumi kwa dakika, ameshazungusha mara 600 kwa saa. Kwa dola moja kila mzunguko, dola 600 zimepita mkononi mwake, na bei ya saa hiyo ni dola 54. Wala usidanganywe na mashine iliyoandikwa "senti moja". Senti moja ni bei ya mstari mmoja. Ukibonyeza utaona inakata senti 50, 60, hata 88, na mashine hizo za senti ndizo zinazobakiza sehemu kubwa zaidi.

Linganisha na rouleti. Gurudumu la Kimarekani lina namba 36, nafasi moja ya 0 na nyingine ya 00, jumla nafasi 38. Ukipata namba yako wanakulipa 35 kwa moja. Pengo hilo ndilo mshahara wa kasino, asilimia 5.26. Atlantic City ina kanuni ya zamani ambayo naipenda: ukiweka kwenye nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, na sifuri ikatokea, unapoteza nusu tu ya dau. Pengo linashuka hadi asilimia 2.63. Dau la dola 15, mizunguko 40 kwa saa, ni dola 600 zilezile zinazopita, lakini bei ya saa sasa ni kama dola 16. Siku hizi, hata hivyo, zimeingia meza zenye sifuri tatu, na pengo lake ni asilimia 7.69. Mwambie mumeo ahesabu sifuri kabla hajavuta kiti, na amuulize mgawaji kama kanuni ya nusu inatumika mezani hapo. Wala si aibu kuuliza. Niliulizwa kila siku na nilijibu kwa furaha.

Karata za ishirini na moja ni nzuri kwa anayezijua, ila asome maandishi kwenye kitambaa cha meza. Pakiandikwa 3 kwa 2, karata mbili za kwanza zikitimiza ishirini na moja kwa dau la dola 10, analipwa 15. Pakiandikwa 6 kwa 5, analipwa 12. Dola tatu hizo, zikijirudia usiku kucha, zinaongeza pengo kwa karibu asilimia 1.4, na meza ambayo kwa mchezaji makini ilikuwa ya nusu asilimia inakuwa ya karibu mbili. Nimeona watu wazima wenye shahada wakipita meza ya kwanza na kukaa ya pili kwa sababu tu ilikuwa na muziki. Kete zina kelele na watu huziogopa, lakini dau la kawaida la mstari, liitwalo pass line, lina asilimia 1.41 tu, na mchezo wake ni wa taratibu. Bakara, mchezo wa karata ambao unabashiri upande utakaoshinda, wa mchezaji au wa benki, ukiweka kwa benki pengo ni asilimia 1.06. Dau la sare katika bakara asiliguse kabisa. Pengo lake linazidi asilimia 14.

Sasa ushauri ambao siuoni ukitolewa mara nyingi, nao ni wa watu wawili. Mume na mke wakikaa kila mmoja na mashine yake, bei ya saa inazidishwa mara mbili. Wakikaa kwenye kiti kimoja, mmoja anacheza na mwingine anatazama na kuzungumza, bei inabaki moja, tena inapungua kwa sababu watu wanaozungumza hawabonyezi haraka. Wewe huchezi, na usicheze. Hukumu ya kamari katika dini yako unaijua, na hakuna adabu ya ndoa inayokulazimisha uweke hata chipu moja ili mumeo asijisikie mpweke. Kama kumtazama nako kunakukera moyo, usikae. Mpe saa yake, mkutane mlangoni upande wa bahari. Na hapo mlangoni saa iwe ya kweli: ukumbini hakuna madirisha wala saa ya ukutani, na vinywaji huletwa bure kwa anayecheza ili asiondoke kitini. Kahawa na soda zipo pia, ila mleta kinywaji hupewa dola moja ya shukrani. Kuna moshi vilevile. Sheria inaruhusu uvutaji kwenye hadi robo ya eneo la ukumbi, jambo ambalo sisi wafanyakazi tumelipigania miaka mingi bila kulimaliza, na moshi haujui mpaka. Ombeni chumba cha wasiovuta na kaeni mbali na sehemu hizo.

Dola 1,000 zenu ningezigawa hivi. Dola 200 za mchezo, wala zisizidi, mia ya Jumanne na mia ya Jumatano, ziwe taslimu ndani ya bahasha mbili zilizofungwa hapohapo nyumbani, kila moja na siku yake juu. Kadi za benki zibaki kwenye sefu ya chumba, na namba ya sefu uichague wewe. Mashine za kutolea pesa ukumbini hukata ada kubwa, lakini ada si tatizo langu. Tatizo ni kwamba ziko hatua kumi kutoka kwenye kiti chenye hasira. Bahasha ya Jumanne ikiisha saa tatu usiku, usiku wa kasino umeisha saa tatu. Ikibaki na kitu, au ikiongezeka, kilichomo hakihamii Jumatano. Kinapanda chumbani.

Zile dola 50 za barua hazitolewi taslimu. Lazima zipite kwenye mashine mara moja, na kinachopatikana hapo ndicho chenu. Kwa wastani hubaki kama dola 45. Mumeo azipitishe mara moja, achukue tiketi inayotoka, aende dirishani kubadilisha, ainuke. Hilo likifanyika Jumanne jioni, tayari amekwisha kucheza bila kugusa bahasha, na mnaweza kwenda kula.

Chumba cha bure nacho kiulizwe. Tangu Mei 2025 kanuni ya shirikisho inazitaka hoteli zitangaze bei pamoja na ada zote za lazima, zile walizokuwa wakizificha mpaka mwisho. Lakini chumba cha zawadi huwa na masharti yake: kodi, ada ya hoteli, maegesho ya gari, na kiasi kinachozuiwa kwenye kadi mpaka mtoke. Piga simu, uliza kila kimoja, andika jina la aliyekujibu. Nimewaona watu wakibishana mapokezi kwa ajili ya maegesho mbele ya wake zao, na jioni nzima ikaharibika kwa dola ishirini.

Haya, tutoke kasino, tuingie barabarani, maana hapa ndipo nina wivu nanyi.

Ni karibu kilomita 300, pungufu kidogo ya Dar hadi Tanga, saa tatu na nusu msipokutana na ajali. Ondokeni saa nne asubuhi, foleni ya wafanyakazi ikiwa imeshapungua. Mtapanda I-95 kuelekea kaskazini, mtapita chini ya maji ya Baltimore kwenye handaki la Fort McHenry. Tangu daraja la Francis Scott Key lianguke Machi 2024, mzigo wa magari umehamia kwenye mahandaki, kwa hiyo wekeni nusu saa ya ziada. Maryland haipokei tena taslimu kwenye tozo zake za barabara. Hakikisheni E-ZPass, kile kifaa cha kulipia tozo kwenye gari, ina salio. Mtavuka mto Susquehanna, mpana kama ghuba, kisha kipande kifupi cha Delaware, kisha daraja la Delaware Memorial, minara miwili miwili angani. Kwenda hamlipi kitu pale darajani.

Mkishuka upande wa New Jersey, simu itawaambia mwende kwenye barabara ya haraka. Msiisikilize. Fuateni barabara ya 40. Inaanzia hapohapo darajani na kuishia Atlantic City kwenyewe, haina tozo, na inapita katikati ya mashamba. Watu hudhani New Jersey ni viwanda na mabomba ya moshi. Wakiiona Woodstown na Elmer hunyamaza. Septemba mwanzoni nyanya bado zipo, mahindi bado yapo, na wakulima huweka meza kando ya barabara, nyingine zina kopo tu la kutumbukizia hela bila muuzaji. Nunueni nyanya. Mbele kidogo udongo unageuka mchanga mweupe, misonobari inaanza, na mtasikia harufu ya chumvi kabla ya kuona maji. Mwisho kabisa ni vinamasi vya majani marefu pande zote mbili na hoteli zimesimama ng'ambo kama merikebu.

Mkihitaji mafuta, New Jersey hamtashuka kwenye gari. Sheria ya jimbo tangu 1949 inakataza mteja kujijazia mwenyewe, na sasa ni jimbo pekee lililobaki hivyo. Kijana atakuja dirishani kama sheli za kwetu. Mama yangu alipokuja kunitembelea alisema ndipo alipojisikia nyumbani.

Mjini, gari liacheni kwenye maegesho ya hoteli mpaka Alhamisi. Kuna vibasi vidogo vinaitwa jitney, vinapita mchana na usiku, na kila dereva ndiye mwenye gari lake. Vimekuwepo tangu 1915. Neno jitney lilikuwa jina la mtaani la sarafu ya senti tano, nauli ya wakati huo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu kituoni, maana nasi daladala tuliipa jina la dala, shilingi tano. Bahari mbili, watu wasiofahamiana, wazo moja.

Boardwalk, ile njia ya mbao ya ufukweni, ilijengwa 1870 ili wageni wasiingize mchanga hotelini. Ilikuwa ya kwanza nchini Marekani. Tembeeni juu yake jioni ya Jumanne, mkishafika, kabla ya bahasha. Ufukwe wenyewe ni bure, tofauti na miji mingi ya jirani inayouza beji wakati wa kiangazi. Maji ya Septemba yana joto la Julai na watu wamekwisha kuondoka, ila walinzi wa waogeleaji hupungua baada ya sikukuu ya mwanzo wa Septemba, kwa hiyo ogeleeni palipo na mlinzi tu. Mkondo wa Atlantiki hauna upole wa ufukwe wa Raskazone kule Tanga.

Jumatano asubuhi pandeni mnara wa taa wa Absecon, uliowashwa mara ya kwanza 1857. Ngazi ni 228. Mchana pandeni basi au gari la kukodi hadi mji jirani wa Margate mkamuone Lucy, tembo wa mbao na bati mwenye kimo cha jengo la ghorofa sita, aliyejengwa 1881 na mfanyabiashara wa viwanja ili kuvutia wanunuzi. Mnaingia kupitia mguuni na kutokea mgongoni. Wapigieni watoto picha, watawasamehe kwa kuwaacha.

Na kuna sehemu mbili ambazo hazimo kwenye vipeperushi vya kasino, nami nawaomba mzipitie. Ya kwanza ni ufukwe wa Missouri Avenue. Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu weusi walizuiwa kuoga mbele ya hoteli kubwa, wakasogezwa kipande hicho, kikaitwa Chicken Bone Beach. Familia zilikuja na vyakula vyao kutoka Philadelphia na Baltimore, na wanamuziki wakubwa waliokuwa wakipiga usiku Kentucky Avenue walikaa hapo mchana na watoto wao. Ya pili ni Boardwalk Hall, karibu kabisa na hapo. Agosti 22, 1964, Fannie Lou Hamer, mama mkulima wa pamba kutoka Mississippi, alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic katika mji huu akaeleza jinsi alivyopigwa gerezani kwa kutaka haki ya kupiga kura. Sisi tuliokuja baadaye na pasi zetu za kusafiria tunatembea juu ya njia ya mama yule. Simameni hapo dakika tano.

Chakula chako hakitakusumbua. Atlantic City ina jumuiya kubwa ya Wabangladeshi, wengi wao wafanyakazi wenzangu wa zamani, na kwenye Atlantic Avenue utapata nyama ya halali, biriani na chai ya maziwa yenye iliki kwa bei ya mtu wa kawaida. Samaki wapo kila mahali. Chakula cha kumbukumbu ya ndoa kiwe Jumatano usiku, kabla ya bahasha ya pili, na ukipenda mwombe mumeo bahasha hiyo ndiyo ilipe meza ya chakula. Akikubali, mchezo umekwisha kwa amani. Akikataa, si kosa, mlikubaliana mia ni yake.

Lakini ukimwona anarudi ukumbini ukiwa umelala, au anakwambia amekopa kwa simu, usibishane naye pale katikati ya taa na kelele. Mpandishe chumbani, mlale, mzungumze gari likiwa linakwenda. Namba ya msaada ya New Jersey ni 1-800-GAMBLER, hupokelewa saa zote, na hata wewe mke unaweza kupiga kwa niaba yako mwenyewe. Maryland na New Jersey zote mbili zina orodha ya kujizuia, ambayo mtu huandikisha jina lake kwa hiari. Baada ya hapo akiingia kasino hutolewa, na New Jersey hata akishinda hapewi. Nimeshuhudia orodha hiyo ikiokoa nyumba za watu.

Alhamisi amkeni saa kumi na mbili. Pwani ile inatazama mashariki kama yetu, jua linatoka majini, na wakati huo wa mwaka huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Chukueni kahawa, mkae kwenye mbao, hakuna mtu isipokuwa wavuvi na wazee wanaokimbia. Kisha fungeni mizigo, lipeni maegesho, mrudi kwa barabara ileile ya 40. Safari hii daraja la Delaware litawatoza, kwa sababu hulipisha wanaorudi tu. Hela hiyo iwekeni kwenye droo ya gari tangu Jumanne, pamoja na ya mafuta, na isitoke humo mpaka mfike darajani.